Ulimi wa Maman Dative

Juma lililopita tulimwacha Uwamwezi mlangoni mwa labo, mkono juu ya kitasa, na mbele yake Shefu Valens ameshika karatasi sita ambazo wino wake haujakauka. Karatasi zake. Alizituma kutoka kwenye simu zikatoke kwenye mashine ya ofisi, akasahau kwamba mashine ile inakaa juu ya meza ya Valens.

"Kazi ya iniversite," Valens alisoma, huku amezishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. "Iniversite gani? Ile ya mu simu?"

"Nirudishie, Shefu."

"Ile munasomaka muko mu kitanda?"

"Shefu, leo ni Ijumaa. Saa sita chuo kinafunga. Bila sahihi yako..."

"Najua," alisema Valens, akatabasamu mpaka fizi. "Njo maana niko na furaha."

Kwa aliyechelewa kuanza nasi, nitasema kwa ufupi. Uwamwezi ni binti kutoka Mururu, anasomea kemia. Mwaka huu chuo chake cha Kigali kimempeleka kwenye staji, yaani kufanya kazi mwaka mzima katika kiwanda cha sabuni cha Nyenyeri, hapa Kamembe, na masomo yanamfuata kwenye simu: mafundisho, mazoezi, mitihani, vyote kwa mbali. Mwisho wake ni ripoti ya vipimo alivyopima kwa mikono yake, na chini ya ripoti sahihi ya aliyemsimamia. Ripoti isiyo na sahihi ni karatasi ya kufungia karanga. Mwaka unaanguka, na chuo hakimpi mtu mwaka wa staji mara mbili.

Na Valens? Huyo ndiye mkuu wa labo. Ana kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino. Miaka minne anavaa koti jeupe ambalo halijapata doa. Fundi asiye na doa, muulize anashinda akifanya nini.

Saa ilikuwa nne na nusu.

Valens hakuzirudisha karatasi. Alitoka nazo hadi kwenye ukumbi wa kupikia, pale mapipa yanapotokota, akapiga makofi.

"Bote mukuje hapa! Mzee Sultani, kuja usikie namna banatuandika!"

Mzee Sultani, mwenye kiwanda, alikuwa uani akisimamia lori linalopakiwa katoni za kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Kofia yake nyeupe ya Ijumaa ilikuwa tayari kichwani. Aliingia huku akitazama saa.

"Fanyeni haraka. Kamyo itoke, mimi niende kuswali."

Valens alipekua karatasi kwa ncha ya kidole, akaruka moja, akaruka nyingine, mpaka alipopata aliyoitaka. Akaitafsiri kwa Kiswahili, taratibu, ili neno lisipotee hata moja.

"'Katika kiwanda hiki kuna mama mzee anayepima sabuni kwa kuilamba, kama mbuzi anavyolamba chumvi ukutani. Ni mfano wa ujinga ambao kemia imekuja kuuondoa.'"

Wafanyakazi wote wakageuka, wakamtazama mtu mmoja.

Maman Dative alikuwa kwenye pipa lake, mwiko mrefu mkononi. Miaka kumi na tisa anapika sabuni. Alizaliwa Bukavu, akarudi Rwanda mtu mzima, akazika mume, akabaki na kanisa lake na mwiko wake. Shule yake iliishia msingi. Ndiye aliyemfundisha Uwamwezi siku ya kwanza kufunga glavu, kusimama upande upepo unakotoka, kutomwaga maji juu ya soda kali. Saa sita humkatia nusu ya mhogo wake. Na Uwamwezi humwambia "merci, Maman," kisha anageuka na kuwaandikia wenzake wa masomoni, kwenye simu, habari za bibi anayelamba sabuni. Wanacheka wote, Huye hadi Musanze.

Sasa hakuwa anacheka. Masikio yalimwaka kama aliyechapwa.

Maman Dative aliegemeza mwiko. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Mbuzi," alisema. "Meee."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa Uwamwezi.

"Basi, mbuzi ameisha kusikia," aliendelea Maman Dative. "Sasa, Shefu, soma na ukurasa wa tatu. Nimeona ulipoufikia ukashtuka, ukauruka."

Kicheko kilikatika. Valens alizikunja karatasi upesi.

"Ule ni wa hesabu tu. Wewe hutasikia kitu."

"Mimi ndiye mwenye kiwanda," alisema Sultani, akanyoosha mkono. Alitazama ukurasa wa tatu, akautazama tena, akampa Uwamwezi. "Kwa Kiswahili, binti yangu."

Uwamwezi aliweka kidole kwenye namba. "Soda kali ni nyingi, Mzee. Imezidi mara nane. Sabuni itachoma ngozi. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Siku zote nne."

"Za wiki hii?"

"Za wiki hii."

Wote walitazama mlangoni. Siku hizo nne zilikuwa ndani ya lori.

"Uongo!" Valens alikimbilia labo, akarudi na daftari kubwa la jalada jeusi. "Hii njo kipimo! Jumatatu, 0,05. Jumanne, 0,05. Jumatano, 0,05. Alhamisi, 0,05! Sabuni yetu haina wasiwasi, Mzee. Iko kama malaika."

"Tupime sasa hivi," alisema Uwamwezi. "Mbele ya Mzee."

"Dawa ya rangi imeisha."

"Jana ilikuwa nusu chupa!"

"Imemwangika," alisema Valens, bila hata kuona haya. Ile dawa ndiyo inayogeuka rangi ya waridi na kumsema muongo. Leo, kwa bahati iliyoje, imemwagika.

Sultani akapandisha mabega. "Kwa hiyo hatuna kipimo."

"Kuko mbuzi," alisema Maman Dative.

Hakungoja ruhusa. Alichukua kipande kimoja cha kila siku kutoka katoni za lori, akavipanga mezani vinne, akasukutua kinywa kwa maji baridi. Kisha akagusisha ncha ya ulimi kwenye kipande cha Jumatatu. Akangoja. Ulimi ukarudi ndani mbio.

"Inauma sawa siafu."

Akasukutua. Jumatano.

"Siafu na ndugu yake."

Akasukutua. Alhamisi. Hapo machozi yalimtoka.

"Hii njo mama yabo."

Uwamwezi alihisi kifua kinafunguka. Mbuzi alikuwa anamwokoa! Kwa muda mfupi akasahau hata kuona aibu.

Maman Dative akainua kipande cha Jumanne. Akagusa. Akangoja. Akagusa tena, akangoja zaidi.

"Hii ni muzuri."

"Umekosea, Maman," Uwamwezi aliruka. "Kipimo changu cha Jumanne ni 0,40!"

"Ulipima saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Jumanne saa nne ulikuwa mu stoo ya katoni, umeweka bikamba bya simu mu masikio, unamujibu mwalimu wako mu simu. Nilipita mara mbili. Ulikuwa unaandika kabisa, kichwa chini." Hakupandisha sauti. "Na ile siku Shefu alikuwa ameenda Bugarama. Njo nikapata nafasi. Mafuta ya hii mwezi iko na maji ndani, soda inabaki, nilimwambia, akanijibu 'mpishi, koroga tu.' Jumanne hakuwako. Nikaongeza ndoo mbili za mafuta, nikaonja, nikaongeza ingine, mpaka ulimi ukanyamaza. Sasa niambie, mwanangu. Ulipima, ao hukupima?"

Wasomaji wangu, mnakumbuka ratiba ile tuliyoisema mwezi uliopita? Saa nne ya Jumanne ni saa ya kipimo kiwandani, na saa nne ya Jumanne mwalimu wa Kigali anaita majina. Asiyeitika anahesabiwa hayupo. Binti hawezi kuwa na miili miwili. Aliitika kule, na huku akachukua namba ya Jumatatu na ya Jumatano, akabuni moja ikakaa katikati vizuri, laini, kama jino la bandia. Dhambi ya Valens, ila yake imevaa viatu safi.

Angeweza kukana. Dawa imemwagika, nani angempinga? Bibi mwenye ulimi?

Alimtazama bibi mwenye ulimi.

"Sikupima, Maman," alisema. "Niliandika tu."

"Muongo!" Valens alirukaruka kama aliyeshinda kura. "Mumesikia? Njo matunda ya kusoma mu simu! Anaandika namba kutoka mu kichwa! Mimi nitasaini uongo? Mimi, Valens?"

"Mwache, ameisha kusema," alisema Maman Dative. "Sasa zamu yako. Fungua daftari, Jumamosi iliyopita."

"Ya nini?"

"Fungua."

Sultani alimnyang'anya daftari, akafungua mwenyewe. "Jumamosi. Saa tatu asubuhi. 0,05. Sahihi, Valens." Akarudia kusoma, safari hii midomo ikichezacheza bila sauti. "Valens. Jumamosi iliyopita ilikuwa umuganda."

Hapa Rwanda hata mtoto anajua: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, nchi nzima iko kwenye kazi ya pamoja. Hakuna duka, hakuna basi, hakuna sabuni.

"Kiwanda kilifungwa," alisema Sultani. "Mapipa yalikuwa baridi. Na wewe ulikuwa pamoja na mimi Mururu, tunachimba mfereji. Ulinionyesha lengelenge lako mara nne!"

"Nili... nilipima mbele, mapema, Mzee."

"Ulipima nini? Lengelenge?"

Nawaambia, kicheko kilichopigwa hapo kilisikika hadi soko la Kamembe. Na Valens, mkuu wa labo, aliyesomea kuvaa koti, alitazama viatu vyake.

Mngedhani mambo yameisha. Mngedhani Sultani atamfukuza yule kinyago, atasimamisha lori, atambariki binti. Hamumjui Sultani. Hata mimi, niliyemwona mabarazani miaka mingi, nilimpa heshima zaidi ya saizi yake.

Alilifunga daftari polepole, akaliweka mezani. Akatazama lori, akatazama saa.

"Haya, tumechekeshana," alisema. "Binti yangu, andika 0,05 siku zote nne. Valens, mtilie sahihi. Yeye apate mwaka wake, kamyo iende, mimi niwahi msikiti."

"Na bale ba Bukavu?" aliuliza Maman Dative.

"Bukavu wamezoea. Sabuni ni sabuni."

Maman Dative alijaza beseni maji, akaliweka mbele ya Sultani. Akachukua kipande cha Jumatatu, akakiweka juu ya kiganja, akakinyoosha kama anayetoa sadaka.

"Uko unaenda kuswali, Mzee. Nawa."

Sultani alirudisha mikono ndani ya kanzu. "Nitatawadha kule kule."

"Nawa hapa tu kidogo. Sabuni ni sabuni."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mikono ya Sultani ilikaa ndani ya kanzu, imejificha kama kuku wawili waliosikia kipanga.

"Nimemaliza!" alifoka, akatoka uani.

Maman Dative akakitazama kipande kile, akakitumbukiza mfukoni mwa aproni.

Sasa ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Valens, aliyekuwa amesinyaa, alijaa upya kama andazi kwenye mafuta. Alichomoa kalamu yake ya kwanza: haiandiki. Ya pili: haiandiki. Ya tatu msiniulize. Ikabidi aombe ya mlinzi.

"Umesikia Mzee," alisema, kalamu ikielea juu ya mstari wa sahihi. "Futa ukurasa wa tatu, andika ile tunajua. Nitakusainia na mwandiko ya muzuri. Ukikataa, rudi kwenu Mururu, ukalime maharage na diplome yako ya kitandani."

Uwamwezi aliutazama ule mstari mtupu. Sentimita tano za karatasi. Mwaka mzima ulikuwa umelala juu yake.

Kisha akamtazama Maman Dative, aliyekuwa ameinama akisukutua tena. Alipotema maji, ncha ya ulimi wake ilionekana, nyekundu, imevimba. Ameuchoma mara tatu asubuhi hii, kwa ajili ya mtu aliyemwita mbuzi.

Akachukua kalamu na karatasi zote kutoka mkononi mwa Valens. Akaikata namba ya Jumanne, na pembeni akaandika: *Sikupima. Nilikuwa darasani.* Namba tatu nyingine hakuzigusa.

"Baki na sahihi yako," alisema.

Valens alicheka. "Atakusainia nani? Mbuzi?"

Hapo ndipo Uwamwezi alipousoma mstari kwa mara ya kwanza. Miezi kumi anauona, hajawahi kuusoma. Haukusema shefu. Haukusema labo. Ulisema: *Jina, kazi na sahihi ya aliyemsimamia mwanafunzi kazini.*

Akapiga hatua tano hadi kwenye pipa.

"Maman, naomba unitilie sahihi."

"Mimi, ule wa ujinga?"

"Ule ukurasa wa tano, wa mbuzi, nitaufuta sasa hivi."

"Usiufute. Uliandika ile ilikuwa mu roho yako. Andika chini yake ile umeona leo."

Aliandika, amepiga magoti, karatasi juu ya katoni. Mistari minne. Alipomaliza, Maman Dative alikausha mikono yote miwili, akafanya ishara ya msalaba, akaishika kalamu kama anayeshika kifaranga. Herufi moja moja, kubwa, za darasa la sita: *Mukandayisenga Dative. Mpishi wa sabuni.*

Saa tano na hamsini na mbili. Picha. Tuma. Alama ya mtandao ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Uwamwezi akapanda juu ya katoni, simu juu kama anayemwonyesha Mungu. Ikazunguka tena.

Saa tano na hamsini na nane: *Imepokelewa.*

Alishuka, akamkumbatia Maman Dative, aproni na soda na yote. Bado wamekumbatiana, simu ikaita.

"Uwamwezi? Mimi Mwalimu Mugwaneza." Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu. "Jina la msimamizi kwenye faili letu si hili. Nipe huyo aliyetia sahihi."

Maman Dative aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Wewe ni mkemia, mama?"

"Hapana, Mwalimu. Niko mpishi."

"Na hizo siku ulizipimaje?"

Maman Dative alimtazama Uwamwezi. Uwamwezi hakutazama chini.

"Na ulimi," alisema.

Uwamwezi alisogeza sikio karibu na simu.

"Bibi yangu alikuwa anapika sabuni," ilisema sauti, bila kulainika hata kidogo. "Nakuamini. Lakini chuo hakiwezi kuandika ulimi. Nataka vipande vyenyewe na daftari la kiwanda, viwe mikononi mwangu kesho asubuhi. Vikija, mwaka wake haujaanguka. Visipokuja, nimesoma hadithi tu." Akakata.

Uwamwezi aligeuka kuelekea mezani.

Meza ilikuwa tupu. Vipande havipo. Daftari halipo. Kwenye msumari wa ukutani lilining'inia koti jeupe lisilo na doa, na kalamu tatu mfukoni.

Walikimbia uani. Lango lilikuwa wazi. Pale lilipokuwa lori palibaki alama za matairi, zimepinda kushoto, njia ya mpaka wa Rusizi ya Pili.

Mzee Sultani alikuwa peke yake kwenye bomba la maji. Hajaenda msikitini. Kofia imeanguka chini, mikono miwili ameitumbukiza kwenye maji hadi viwiko, na ukingoni mwa bomba kuna sabuni iliyolowa, iliyochomolewa kwenye katoni ya Alhamisi.

"Nilisema nijaribu tu," alinong'ona. Aliitoa mikono. Ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyeshinda akimenya pilipili. "Dative. Inachoma."

"Kamyo iko wapi, Mzee?"

"Nilimwambia dereva angoje. Nilimwambia! Valens akapanda mbele, akamwambia mimi nimesema waende." Akakunja uso kwa maumivu. "Ana daftari kwapani."

Kutoka hapa hadi mpakani lori lililojaa linatambaa. Likishavuka daraja, sabuni iko Bukavu, daftari liko mtoni, na binti yuko Mururu na jembe.

Langoni palikuwa na pikipiki moja. Na kila mtu wa Kamembe anajua sheria: dereva mmoja, abiria mmoja, kofia moja.

Uwamwezi alinyoosha mkono kuichukua ile kofia ya abiria. Hakuikuta. Maman Dative alikuwa ameshaivaa, juu ya kitambaa chake cha kichwa, na anapandisha mguu, kipande cha Jumatatu kimevimba mfukoni mwa aproni.

"Maman! Ni mwaka wangu! Niache niende mimi!"

"Wewe baki hapa, ushike mtandao," alisema Maman Dative, akamgonga dereva begani. "Kukimbiza kamyo habafundishake kwa mbali."